Kinyozi Hajinyoi: Historia Fupi ya Vifaa Vilivyotakiwa Kumfikirisha Mtaalamu

Mwaka 1911 kule Boston, Marekani, daktari mmoja wa upasuaji alifungua hospitali yake ndogo akaanza kufanya jambo ambalo hata leo lingekuweka pabaya kazini. Alikuwa anaandika makosa yake, anayachapisha kwa pesa zake, halafu anayatuma kwa hospitali zingine akiwauliza: je, yenu yako wapi?

Jina lake Ernest Amory Codman. Ukitaka kuelewa kwa nini programu nyingi wanazojengewa wauguzi, walimu na wahudumu wa afya hapa Kenya zinawachosha bila kuwafundisha kitu, anza na huyu mzee. Najua wengine mlitegemea nianze na vijana wa Silicon Valley. Hapana. Hii stori inaanza na kipande cha karatasi ngumu.

Tena inaanza mapema kidogo kabla ya hiyo hospitali. Codman akiwa bado mwanafunzi wa udaktari pale Harvard, yeye na mwenzake Harvey Cushing (huyo ndiye alikuja kuwa jina kubwa la upasuaji wa ubongo duniani) walikuwa wanapewa kazi ya kuwatia wagonjwa nusukaputi kwa etha. Siku hizo hakuna aliyefundishwa hiyo kazi vizuri. Unapewa etha, unaambiwa haya, mlaze. Mgonjwa mmoja akamfia Cushing mikononi. Badala ya kunyamaza, hao vijana wawili wakawekeana dau la chakula cha jioni: nani atajifunza kumlaza mgonjwa vizuri zaidi? Sasa dau linataka ushahidi. Kwa hivyo mwaka 1894 wakaanza kuchora chati wakati upasuaji unaendelea, mapigo ya moyo yanaenda vipi, mgonjwa anapumua vipi. Chati hizo ni kati ya rekodi za kwanza kabisa za nusukaputi zinazojulikana.

Hebu tulia hapo kidogo. Hakuna waziri aliyeagiza hizo chati. Hakuna mkubwa aliyengoja ripoti mwisho wa mwezi. Aliyeandika ndiye aliyesoma, na alisoma kwa sababu kesho yake alikuwa anashika tena etha.

Kadi za Codman zilifuata mtindo huo, na zilikuwa rahisi mpaka unacheka. Kila mgonjwa kadi yake. Alikuja na shida gani. Mimi daktari nilidhani ni nini. Nikafanya nini. Kukatokea matatizo gani kabla hajatoka. Halafu, mwaka mmoja baadaye, mgonjwa anatafutwa: yuko aje sasa? Kama hakupona, kwa nini?

Hilo swali la mwisho ndilo lilikuwa moto. Codman hakuliacha wazi mtu ajaze hadithi, alilipangia majibu. Je, ni ujuzi wa mikono uliokosekana? Ni uamuzi mbaya wa daktari? Ni uangalizi ama vifaa? Ni ugonjwa haukutambuliwa vizuri? Ama ni hali ya mgonjwa mwenyewe, ama alikataa matibabu, ama ni yale majanga ya upasuaji ambayo hakuna binadamu angeyazuia? Kati ya 1911 na 1916 hospitali yake iliruhusu wagonjwa 337 kwenda nyumbani, na akarekodi makosa 123. Sio ya jirani. Ya hospitali yake mwenyewe, na mengine ya mikono yake mwenyewe.

Mimi napenda vile hiyo orodha ilivyopangwa, maanake kila jibu linakupa kazi tofauti ya kesho. Kama ni ujuzi, nenda ukafanye mazoezi. Kama ni uamuzi, next time uliza mwenzako kabla ya kukata. Kama ni vifaa, peleka kelele kwa wenye pesa. Kama ni janga, lia, zika, endelea. Ukiweka kisanduku kimoja tu kimeandikwa "kosa la mfanyakazi: ndiyo ama hapana", umepoteza hayo yote.

Sasa mbona hatukuwa na kadi za Codman kila mahali kufikia 1920? Kwa sababu Codman hakuishia kwenye kadi. Mwaka 1914 alijiuzulu Massachusetts General Hospital, hospitali kubwa aliyokuwa akifanya kazi, akipinga vile watu walipandishwa vyeo kwa miaka waliyokaa badala ya matokeo ya wagonjwa wao. Halafu akaomba yeye awe mkuu wa upasuaji, kwa msingi kwamba matokeo yake ni bora. Januari 1915 akaitisha mkutano wa madaktari na mwisho wake akafunua katuni kubwa: mbuni amefukia kichwa mchangani huku akirusha mayai ya dhahabu kwa madaktari, yaani matajiri wa Boston wanalipa bila kuangalia wanalipia nini. Kulizuka fujo. Akatolewa uenyekiti wa chama cha wapasuaji wa pale, na nafasi yake ya kufundisha Harvard ikaenda.

Watu wengi wakisimulia hii stori humfanya Codman shujaa mtupu na wenzake wanafiki watupu. Mimi sioni hivyo kabisa. Kadi ilikuwa sawa. Lakini alitaka karatasi hiyo hiyo ifanye kazi mbili: imfundishe daktari, na pia iamue nani ni bosi. Pindi tu kadi ilipoanza kupima nani apewe cheo, kila mwenye akili alikuwa na sababu ya kuficha kichwa mchangani kama yule mbuni. Hilo tatizo halijaisha hadi wa leo, na ndilo nataka tulifuate.

Ona kilichotokea baadaye kidogo. Chama cha wapasuaji cha Marekani, American College of Surgeons, kilianzishwa 1913, na Codman alikuwa kwenye kamati yake ya kuweka viwango vya hospitali. Walipokagua hospitali 692 zenye vitanda 100 na zaidi, ni 89 tu zilizofikia kiwango cha chini kabisa. Mwaka 1919, wakiwa New York kutangaza matokeo, idadi ilisomwa. Orodha yenyewe, yenye majina ya hospitali, ilichomwa kwenye tanuri la hoteli ya Waldorf Astoria ili waandishi wa habari wasiipate. Namba zikabaki, majina yakawa majivu. Codman alikufa 1940 na kaburi lake likakaa bila jiwe la jina hadi 2014.

Miaka kama hamsini baada ya ile katuni, kitu hiki kikarudi na sura nyingine. Lawrence Weed, daktari Mmarekani, alikasirishwa na faili za wagonjwa. Ukiwahi kufungua faili la zamani la hospitali utaelewa: maabara wana karatasi zao, wauguzi zao, madaktari zao, na hakuna mahali pameandikwa mtu huyu ana shida ngapi na nani anafikiria nini kuhusu kila moja. Mwaka 1968 Weed alichapisha kwenye jarida la New England Journal of Medicine makala ya sehemu mbili kuhusu rekodi zinazoongoza na kufundisha. Dawa yake: andika orodha ya shida za mgonjwa, zipe namba, na kwa kila shida andika mambo manne, yaani mgonjwa anasema nini, wewe umeona na kupima nini, unafikiri ni nini, na unapanga kufanya nini. Mwanafunzi yeyote wa uuguzi ama udaktari anayesoma hapa anajua herufi SOAP. Hiyo ni ya Weed. Wengi wanaikariri kama mpangilio wa kujaza faili tu, lakini ilikuja kwa sababu nyingine: mtu mwingine akifungua faili aweze kufuata akili yako hatua kwa hatua, na aweze kusema hapa umeruka.

Halafu Weed akaingia kwenye kompyuta. Katika miaka ya 1970, huko Vermont, timu yake iliweka wodini mfumo ulioitwa PROMIS, wenye skrini za kugusa. Ndiyo, skrini za kugusa, miaka ya sabini, kabla wengi wetu wazazi wetu hawajakutana. Wauguzi waliupenda. Wafamasia pia. Waliousukuma mbali zaidi walikuwa madaktari, na pesa za serikali zilipokauka mwanzoni mwa miaka ya 1980 mfumo ukafa. Wanaoandika historia ya kompyuta husema ulikuja mapema mno, mashine zilikuwa ghali. Kweli zilikuwa ghali. Lakini mimi naona pia kuna jambo la nani alionekana. Mfumo ule uliweka mawazo ya daktari mahali muuguzi angeyaona na kuuliza swali. Kwa aliyezoea kuuliza, hilo ni zawadi. Kwa aliyezoea kutoulizwa, hilo ni shida.

Sasa tuje Indiana, maanake bila Indiana hatufiki Eldoret.

Pale Indianapolis kuna taasisi inaitwa Regenstrief, na daktari mmoja hapo, Clement McDonald, alifanya jaribio lililochapishwa 1976. Kompyuta ilipitia rekodi za mgonjwa kabla ya siku ya kliniki na kuchapisha karatasi ya kumkumbusha daktari: huyu anatumia dawa fulani, kipimo fulani kimepita muda. Waliopata vikumbusho walichukua hatua kwenye asilimia 51 ya mambo yaliyotakiwa kushughulikiwa. Bila vikumbusho, asilimia 22. Hao ni madaktari wale wale, sio kwamba wengine walikuwa wajinga.

Lakini kilichonishika mimi ni sehemu ya pili. Vikumbusho vilipoondolewa, madaktari walirudi pale pale. Hawakujifunza kitu. McDonald alilikubali hilo waziwazi, hata kwenye kichwa cha makala yake: binadamu hawezi kukamilishwa. Daktari hakukosa elimu, alikosa nafasi kichwani, mambo ni mengi mno. Kwa hivyo acha mashine ikumbuke kwa niaba yake.

Hapo ndipo njia inagawanyika. Codman alitaka karatasi ikubadilishe wewe. McDonald alisema hutabadilika bana, wacha karatasi ikushike mkono kila siku. Zote mbili ni hoja za watu waaminifu, na zote mbili ziliingia Kenya.

Ziliingia kwa sababu shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Indiana na ile ya Chuo Kikuu cha Moi walikuwa wameshirikiana tangu mwanzo wa miaka ya 1990 hivi. Februari 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet, waliweka mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa, wenyeji na wageni wakiwa pamoja. Kompyuta mbili. Tabibu anajaza fomu ya karatasi, karani anaingiza. Kabla na baada ya kuuweka walipima muda kwa saa, nani anafanya nini, na matokeo yakachapishwa 2003. Mgonjwa alimaliza safari yake kituoni kwa muda uliopungua asilimia 22. Hiyo ndiyo namba inayosemwa sana. Zile zingine hazisemwi sana: muda wa mgonjwa kukaa na mhudumu ulipungua asilimia 58, na wafanyakazi wakaanza kuongea wao kwa wao theluthi moja tu ya vile walivyokuwa wakiongea.

Unaweza kusoma hiyo kama ushindi. Huenda mazungumzo mengi yalikuwa ya "faili la huyu liko wapi?" na hayo kuyapoteza si hasara. Lakini ukiwahi kukaa kwenye kituo cha afya kijijini unajua kwamba "hebu kuja uone huyu mtoto" pia inahesabiwa kama kuongea. Saa ya mtafiti haitofautishi. Ningekuwa najenga programu, hiyo theluthi mbili ingeninyima usingizi, maanake watu wa kazi wengi hutafakari kwa mdomo, wakiwa wawili, mmoja ameegemea mlango.

Baadaye kazi ya Ukimwi ikawa kubwa, na mfumo wa Mosoriot ukazidiwa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief walikuja Eldoret, wakaona hali, wakachora msingi mpya. Huo ndio ukawa OpenMRS, programu huria ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuitengeneza upya, kwa kushirikiana na watu wa Partners In Health. Februari 2006 ilikuwa inafanya kazi Eldoret. Kuanzia hapo imezunguka dunia, na KenyaEMR inayotumika kwenye kliniki zetu za Ukimwi imejengwa juu yake. Nasema hivi kwa wale wanaofikiri teknolojia hutoka huko ikija huku tu. Hii ilichorwa kwa sababu ya foleni ya Eldoret.

Halafu lile wazo la McDonald likarudi, safari hii kwa watoto. Martin Were na wenzake waliweka vikumbusho kwenye kliniki ya watoto wenye virusi pale Eldoret. Kompyuta inatoa muhtasari wa mtoto kwenye karatasi, chini kuna vikumbusho: kipimo hiki kimechelewa, hiki hakijawahi kufanywa. Kwenye utafiti uliotoka 2013, kazi zilizokuwa zimechelewa zilifanywa kwa asilimia 68 palipokuwa na vikumbusho, na asilimia 18 pasipokuwa navyo. Sijui kama unahisi uzito wa hiyo. Ni watoto. Asilimia 18.

Na kwenye karatasi hiyo kulikuwa na kitu kidogo ambacho mimi nakipenda kuliko hizo asilimia. Tabibu hakuachwa kupita tu. Kila kikumbusho kilitaka jibu: nimeagiza leo, hakimhusu huyu, mgonjwa amekataa, ama sikubaliani na hiki kikumbusho, na sababu yangu ni hii. Fikiria hiyo nafasi ya "sikubaliani". Mashine inakukumbusha, na wewe unaweza kuikatalia, lakini huwezi kuikatalia kimya. Lazima useme kwa nini. Hiyo ni ile kadi ya Boston imefika Uasin Gishu.

Kuna mtu aliyetumia maisha yake kueleza kwa nini nafasi kama hiyo ni muhimu. Donald Schön alikuwa mwanafalsafa wa pale MIT, mpiga piano pia, na mwaka 1983 alitoa kitabu The Reflective Practitioner. Alichosema, nikiweka kwa lugha yangu: tunadanganyana tukisema mtaalamu anasoma nadharia chuoni kisha anaenda kuitumia kama mtu anayefuata mapishi. Kazi halisi ni matope. Mgonjwa hafanani na kitabu, darasa halifanani na mtaala. Mtu hodari anafikiri mikono ikiwa ndani ya kazi, anajaribu, kazi inamjibu, anabadilisha. Halafu kuna kufikiri kwingine, kwa baadaye, ukiwa umekaa chini unajiuliza pale nilifanya nini hasa. Mfano wake mkubwa si hospitali, ni mwalimu wa usanifu majengo anayekaa na mwanafunzi juu ya mchoro, wakijaribu kuliweka jengo kwenye mteremko. Kila mstari anaochora mwalimu unaleta jambo ambalo hawakulitegemea, na jambo hilo linaamua mstari unaofuata.

Watu wa kompyuta walimsoma wakashtuka, maanake programu nyingi zilikuwa zinasubiri tu agizo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Colorado, Gerhard Fischer na Raymond McCall na wenzao walijenga kitu kinaitwa JANUS. Kilikuwa cha kuchora majiko ya nyumbani, yaani jikoni. Unaweka sinki hapa, stovu pale, na ndani ya programu kuna wakosoaji wanaangalia. Ukiweka stovu karibu na mlango, mkosoaji anakuambia: hapa kuna shida. Lakini hakuzuii. Unaweza kumuuliza kwa nini, na anakufungulia mjadala mzima, hoja za upande huu na za upande ule, kisha unaamua mwenyewe. Labda jikoni hii ni ya mtu anayeishi peke yake na hana watoto wa kugonga sufuria. Sawa, mkatalie.

Ukilinganisha na programu zetu za sasa utacheka kwa uchungu. Ukijaza vibaya sehemu inakuwa nyekundu, na huwezi kuendelea mpaka ujaze vile inataka. Muulize kwa nini? Hana kwa nini. Kwa hivyo watu hujaza uongo unaokubalika. Mzani umeharibika miezi miwili lakini uzito wa mtoto ni lazima, basi mtoto anapewa uzito.

Mama yangu mdogo ni muuguzi. Hospitali nitaiacha bila jina. Mwisho wa mwezi huwa anabaki na rejista nzito, anahesabu mistari kwa kalamu, anajumlisha kwenye MOH 711, inapelekwa, inaingizwa kwenye kompyuta, inapanda juu. Nilimuuliza siku moja kama kuna chochote huwa kinarudi chini kikimwambia wadi yenu inaendaje. Alicheka tu, akaniuliza kama nimekula. Anajua wadi yake vizuri sana, lakini anaijua kichwani, na siku akistaafu kichwa kitaenda naye Bungoma.

Kinachoniuma ni kwamba hata chombo kinachobeba hizo namba hakikuzaliwa hivyo. Mfumo wa DHIS2, ambao Kenya iliuweka nchi nzima 2011, asili yake ni Afrika Kusini ya katikati ya miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ukiwa ndio umetoka kuanguka. Waliouanzisha walitaka wilaya na vituo vijitazame vyenyewe kwa namba zao wenyewe, badala ya kungoja mji mkuu uwaambie wana shida gani. Mtumizi wa kwanza wa takwimu alikuwa awe yule anayezikusanya. Kisha wafadhili wakataka ripoti, wizara ikataka ripoti, na bomba likaelekea juu. Hakuna mtu mmoja wa kulaumu hapo. Anayelipa ndiye anayesomewa.

Walimu nao wana yao. TPAD ilipoingia mashuleni 2016, jina lenyewe liliahidi vitu viwili, kupimwa utendakazi na kukuzwa. Mwalimu anajipa alama, anaweka ushahidi, msimamizi wake shuleni anathibitisha, alama zinaenda TSC. KNUT iliipinga kwa kelele na watu wengi walidhani ni uvivu wa walimu. Mimi nasema turudi kwa Codman. Huwezi kumwambia mtu ajitathmini kwa ukweli kwenye fomu ambayo mwajiri wake ataisoma akiwa na kalamu nyekundu. Ukiwa wewe ni mwalimu, ungeandika "wiki tatu sikuelewa mbona Darasa la Tano wanashindwa na sehemu, nikagundua mimi ndiye niliharakisha"? Hiyo ndiyo sentensi yenye faida kuliko alama zote kwenye fomu, na ndiyo hautaiandika.

Nikisema hivi huwa naambiwa basi unataka watu wasiwajibike. Hapana. Mgonjwa ana haki ya kujua kama hospitali inaua watu, mzazi ana haki ya kujua kama shule inafundisha. Zile hospitali 692 zilipaswa kutajwa majina, na tanuri la Waldorf lilikuwa aibu. Ninachosema ni kwamba hivyo ni vitabu viwili. Kimoja cha kuwajibika mbele ya watu, na kingine cha kujitazama ukiwa na wenzako unaowaamini. Tumekuwa na bahati mbaya ya kujenga kimoja na kukiita vyote viwili, na wajenzi wa programu ndio wanaoweza kuvitenganisha kirahisi kuliko mtu yeyote, maanake ni suala la nani anafungua ukurasa upi. Kwenye karatasi ya 1911 hilo lilikuwa gumu. Leo ni mistari michache ya kodi.

Na wajenzi wako hapa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na kwenye vifaa vyao kulikuwa na simu. Programu iliyo ndani, eCHIS, imejengwa juu ya zana huria ambazo zina ukurasa wa kazi za leo na ukurasa wa malengo, ambapo mhudumu anajiona mwenyewe: nyumba ngapi, mama wajawazito wangapi. Hiyo si kidogo. Namba zimegeuka zikamwangalia aliyezikusanya, kitu ambacho mama yangu mdogo hajawahi kuona kwa miaka yote na zile rejista.

Lakini malengo yanahesabu tu. Chukua mama aliyetembelewa mara nne, akashauriwa, akakubali, halafu akajifungulia nyumbani usiku. Kwenye ukurasa wa malengo huyo ni upungufu wa mmoja. Kumbe mhudumu alikuwa na hakika kwamba kikwazo ni mume, akatumia ziara zote nne kuongea na mume, na siku yenyewe ikatokea kwamba shida ilikuwa pikipiki, hakuna pikipiki inayokubali kuvuka ule mto saa nane usiku. Hiyo ni kadi ya Codman imejaa kabisa: nilidhani nini, nikafanya nini, ikaishaje, kwa nini. Mhudumu wa kijiji jirani anaihitaji wiki ijayo, kabla mvua haijaanza.

Wahudumu mlio na hizo simu, na najua baadhi yenu mnanisoma: mkifungua ya mwezi uliopita, kuna chochote humo mlichojiandikia wenyewe? Ama hizo za mto na pikipiki bado mnazipeleka kwa WhatsApp ya kikundi, usiku, baada ya kazi?